MAJI YA GISENYI: NANI ANASHIKA UFUNGUO WA BOMBA?

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya magharibi ya Rwanda, na mto Sebeya ukafurika. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini, na wilaya ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zile zilizopata pigo kubwa. Nyumba za Mahoko na Nyundo zilijaa maji na matope. Askari wa jeshi na wa polisi walioitwa alfajiri ile kwenda kuopoa watu hawana haja ya kukumbushwa.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule, kwa kuwa msiba wa watu hutangulia msiba wa vyombo. Mtambo wa kusafishia maji wa Gihira, ambao huteka maji katika mto huo huo wa Sebeya, nao uliharibiwa. Mji wa Gisenyi, ambao watoto wake huogelea ziwani kabla hawajajua kusoma, ukawa unatafuta maji ya kunywa kwa madumu.

Mgeni anayefika Gisenyi kwa mara ya kwanza na kuliona Ziwa Kivu huuliza: je, mji wenye ziwa kubwa namna hii unawezaje kulalamika juu ya maji? Jibu lake limo katika historia ya mpaka ule, na ni jibu chungu.

Katikati ya Julai 1994, kwa muda wa siku chache tu, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma. Walipiga kambi juu ya mawe ya volkano, ambayo jembe haliyachimbi: hakuna choo wala kisima kilichoweza kuchimbwa kwa haraka. Kambi ya Kibumba haikuwa na chanzo cha maji hata kimoja, na kila tone lilipaswa kuletwa kwa magari. Wale waliokuwa karibu na ziwa waliteka maji pale pale walipooga na walipojisaidia. Kipindupindu kikaingia. Madaktari waliochunguza maafa yale walikadiria kuwa karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ziwa lilikuwepo muda wote huo, mbele ya macho yao.

Maji ya ziwa, basi, ni mengi, lakini si salama mpaka yamesafishwa. Tena ziwa liko chini, na watu wanakaa juu mlimani. Kuyapandisha maji kunataka pampu, na pampu inataka umeme au mafuta, na vyote viwili vinataka fedha. Mto Sebeya unatoka juu, katika milima ya Gishwati, ukiteremka kuelekea ziwani, na njiani unazungusha mitambo ya umeme ya Keya, Gihira na Gisenyi. Ndiyo sababu wahandisi waliuchagua mto badala ya ziwa.

Uteuzi huo una gharama yake. Maji ya mto yanapofika Gihira hutiwa shabu, ili chembe za udongo zigandamane na kuzama chini. Kisha hupitishwa katika mchanga, na mwisho hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Kazi hiyo ni rahisi maji yanapokuwa meupe. Yanapokuwa mekundu kwa udongo, shabu nyingi hutumika, mchanga huziba upesi, na klorini hupoteza nguvu zake kwa kupambana na uchafu badala ya vijidudu. Siku za mvua kubwa fundi wa mtambo hulazimika kupunguza kazi au kufunga kabisa. Mama aliyeko Rugerero anafungua bomba, bomba linakohoa hewa, naye anadhani yuko mtu aliyemnyima maji kwa makusudi.

Udongo huo unatoka wapi? Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ukakatwa kwa ajili ya malisho, mashamba ya misonobari na viazi, na baadaye makazi ya watu waliorudi nchini bila ya kuwa na pa kukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta 600 hivi. Hapo ndipo milima ilipokosa wa kuishika. Tangu wakati huo miti imepandwa, makinga-maji yamechimbwa, na sehemu ya msitu imewekwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Lakini mti huchukua miaka kukua, na mvua haingoji.

Kaskazini ya wilaya hiyo hiyo, katika tarafa za Bugeshi, Busasamana na Mudende, hali ni nyingine kabisa. Huko mvua inanyesha vizuri, ardhi ni nyeusi na inazaa sana, lakini mtu anaweza kutembea mwendo mrefu asikute kijito. Mawe ya volkano yana matundu kama sifongo. Maji hupita na kwenda zake chini. Wananchi wa huko hutegemea matangi ya mvua na mabomba yanayoleta maji kutoka mbali. Bomba refu lina adui wengi: jembe la mkulima, gurudumu la lori, tetemeko la ardhi, na mtu anayelitoboa usiku ili amwagilie bustani yake. Mwezi Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yalipasua barabara na nyumba mjini Gisenyi, na upande wa Goma lava iliharibu tangi kubwa na mabomba, hata maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa maji.

Sasa, ni nani anayewajibika? Hapa ndipo wananchi wengi wanapopotea, na si wananchi peke yao.

Mwaka 1976 serikali iliunda shirika la Electrogaz kushughulikia umeme, maji na gesi. Shirika hilo limebadilishwa jina na umbo mara kadhaa. Mwaka 2010 likawa EWSA, na mwaka 2014 umeme ukatengwa ukapewa REG, na maji yakapewa WASAC. Hilo ndilo shirika la maji ya mjini. Vijijini mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Kwa muda mrefu kila bomba la kijiji liliachiwa kamati ya wananchi wenyewe. Wazo lilikuwa zuri: waliochimba mtaro kwa mikono yao katika umuganda wataulinda. Mitaro waliichimba kweli, na kwa moyo. Lakini siku ya kufungua bomba hapakuwa na mtu aliyeuliza koki itakayovunjika baada ya miaka mitatu itanunuliwa kwa fedha ipi. Watu waliona aibu kumtoza jirani. Mwenye kiti wa kamati aliweka fedha chache zilizopatikana ndani ya sanduku nyumbani kwake, na mtoto wake alipougua, sanduku likafunguliwa. Huyo hakuwa mwizi. Alipewa kazi ya mhasibu, ya fundi na ya hakimu kwa pamoja, wala hakupewa daftari.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu ukabadilishwa. Mabomba ya vijijini yakawa mali ya wilaya. Wilaya ikaingia mkataba na mwendeshaji, yaani mtu au chama chenye mafundi, atoze kwa mita na atengeneze panapoharibika. Na halmashauri ya RURA, iliyoundwa mwaka 2001, ikapewa kazi ya kupanga bei na kutoa leseni. Kwa maneno mepesi: wilaya ndiye mwenye nyumba, mwendeshaji ndiye msimamizi, RURA ndiye mwenye mizani. Mwananchi ni mnunuzi, na mnunuzi anayo haki ya kuuliza.

Utaratibu huo umeondoa aibu ya kumtoza jirani, lakini umeleta ugonjwa mwingine. Mwendeshaji yuko mbali. Kati yake na mwananchi amesimama mtu mmoja, mlinzi wa kioski cha maji, mwenye ufunguo mfukoni. Yeye hununua kwa mita na kuuza kwa madumu, au jerikani kama wanavyosema Gisenyi. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani jerikani 50 za lita 20. Chukulia kwamba mlinzi anaongeza faranga 5 tu juu ya bei iliyopangwa. Jamaa ya watu sita inayotumia jerikani sita kwa siku itakuwa imetozwa faranga 900 za ziada kila mwezi, na kwa maskini hiyo si fedha ndogo. Wala si lazima mlinzi awe mwovu. Mara nyingi ujira wake ni hiyo hiyo tofauti ya bei, na bomba lenyewe linavuja kabla ya kufika kwenye mita. Karibu na mwaka 2020, zaidi ya theluthi moja ya maji yaliyozalishwa na WASAC yalikuwa hayalipiwi, ama kwa kuvuja, ama kwa kuibwa, ama kwa mita mbovu.

Tena liko suala la foleni, nalo askari yeyote anaweza kulipima kwa saa yake. Bomba la kawaida lenye nguvu ya kutosha hutoa lita 7 na nusu kwa dakika. Jerikani moja hujaa kwa dakika mbili na sekunde 40. Kwa saa nane mfululizo, bila kupoteza hata dakika, bomba hilo litajaza jerikani 180, yaani lita 3,600. Kipimo cha chini kabisa kinachotumika katika kambi za dharura duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Gawanya, na utapata watu 240. Ndiyo maana wataalamu husema bomba moja halifai kuhudumia zaidi ya watu 250. Penye watu 600 kwa bomba moja, ugomvi hautokani na tabia mbaya za akina mama wa mtaa ule. Unatokana na hesabu.

Hebu itazamwe kambi ya askari kwa hesabu hiyo hiyo. Kombania yenye askari 120, kwa kipimo hicho cha chini, inataka lita 1,800 kwa siku: jerikani 90, saa nne nzima za bomba moja. Kombania ikihamia karibu na kijiji na kutegemea bomba la kijiji, imechukua nusu ya siku ya wananchi wale. Afisa mwenye busara hupeleka gari la maji lijaze mbali au lijaze usiku, na hutuma mtu kuzungumza na mkuu wa mudugudu kabla ya kutuma mtu na ndoo. Askari mwenye sare anayepita mbele ya foleni ya watoto hakusudii ubaya pengine. Lakini foleni ile itamzungumza kwa mwaka mzima. Kadhalika ankara ya maji ya kambi, ya kituo cha polisi au ya ofisi yoyote ya serikali. Inapokaa bila kulipwa kwa miezi, mwendeshaji hana pa kutoa fedha ya klorini isipokuwa kwa yule mama wa jerikani sita.

Kwa upande wa polisi, taabu kubwa ni kutenganisha mambo. Kukata bomba, kung'oa mita au kuiba koki ni kosa la jinai, na mahali pake ni kituoni. Lakini majirani wawili wanaoshindana juu ya mtaro uliopita shambani mwa mmoja wao, au juu ya zamu ya kuteka, hao wana mahali pao katika akagari: wapatanishi waitwao abunzi, ambao kwa sheria ya mwaka 2016 hushughulikia madai ya kiraia na si jinai. Konstebo anayemfunga mtu kwa ugomvi wa zamu atakuwa ameziba mdomo wa mmoja na kuacha bomba likiwa vile vile. Bei iliyozidishwa nayo si ya ngumi. Inapelekwa wilayani na kwa RURA, ikiwa na tarehe, na bei iliyotozwa, na jina la kioski.

Na kwa hilo daftari linahitajika. Katika vioski vinavyokwenda vizuri, bei iliyopangwa imeandikwa ubaoni kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anazisoma; namba ya mita huandikwa asubuhi kabla ya kufungua na jioni baada ya kufunga, mbele ya mjumbe mmoja wa mudugudu ambaye si ndugu wa mlinzi; na klorini hupimwa kwenye bomba lenyewe, isipungue miligramu 0.2 katika kila lita. Ufunguo uko kwa mlinzi, na wa pili uko kwa mkuu wa mudugudu, ili mlinzi akiugua watu wasilale na kiu. Baada ya mafuriko ya 2023, mafundi walipokuwa wakirudisha maji Rubavu sehemu kwa sehemu, swali lao la kwanza lilipaswa kuwa ni maji kiasi gani yalikuwa yakipita hapo kabla ya mafuriko. Mahali penye daftari, swali hilo hujibiwa kwa kufungua ukurasa mmoja.