Aksoloti: Tele majumbani, adimu kwao

AKSOLOTI, mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, amekuwa kipenzi cha wafugaji katika nchi nyingi, ilhali katika maji ya asili yake nchini Meksiko anakaribia kutoweka.

Mnyama huyo hukua hadi kufikia sentimita 30 na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Tofauti na chura, ambaye hupoteza matamvua akikua, aksoloti hubaki nayo maisha yake yote, yakiwa yamechomoza kando ya kichwa mithili ya manyoya. Akikatika mguu, humwotea mwingine.

Mwaka 1864, aksoloti 34 walisafirishwa kutoka Meksiko hadi Paris, Ufaransa. Wakazaana haraka, na uzao wao ukasambaa katika maabara za Ulaya. Hadi leo, kumzalisha si kazi ngumu. Kazi ni kumtunza.

Jambo la kwanza ni ubaridi. Aksoloti huhitaji maji ya nyuzi joto kati ya 16 na 18. Yakizidi 24, huacha kula, huugua na huweza kufa. Katika miji ya joto, mfugaji hulazimika kuwa na mashine ya kupoza maji usiku na mchana, na umeme ukikatika kwa muda mrefu, uhai wa mnyama huwa hatarini.

Pili, tangi la lita 75 au zaidi huandaliwa wiki kadhaa kabla, ili bakteria wanaoondoa sumu ya amonia itokanayo na kinyesi wapate kustawi. Maji ya bomba huondolewa klorini kwanza. Changarawe ndogo hazifai, kwani mnyama huzimeza zikaziba utumbo. Chakula chake kizuri ni nyungunyungu. Asichanganywe na samaki, ambao humdonoa matamvua.

Huko kwao, katika mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Mexico City, hali ni mbaya. Mwaka 1998 watafiti walikadiria kuwapo kwa aksoloti 6,000 katika kila kilomita ya mraba. Kufikia mwaka 2014 walikuwa 36 tu. Mji umepanuka, maji yamechafuka, na samaki wa kigeni waliopandikizwa kwa ajili ya kitoweo, wakiwamo perege wenye asili ya Afrika, hula mayai na makinda yake.

Kwa hiyo wingi wa aksoloti majumbani haujawa ponyo la wale wa mwituni. Aidha, mfugaji aliyechoka hapaswi kumtupa mnyama wake mtoni, kwani anaweza kueneza magonjwa.

Matumaini yapo Xochimilco kwenyewe, ambako watafiti wa chuo kikuu cha UNAM hushirikiana na wakulima kusafisha mifereji na kuwazuia samaki hao wasiingie. Picha ya aksoloti imo katika noti ya peso 50 tangu mwaka 2021. Kinachotafutwa sasa ni kumbakiza katika maji yake.