Mlango Upo, Mwenyewe Hajaitwa

Wakala mmoja wa forodha pale Bwera alinipigia simu asubuhi ya siku ya soko la Mpondwe, malori yameshajipanga kuelekea mpakani. Kompyuta ya ofisi ilikataa kufungua VPN, ile njia iliyofungwa kwa siri inayomuunganisha na ofisi yao ya Kampala. "Fundi, jana ilikuwa inafanya vizuri. Leo inasema hakuna kifaa. Kifaa gani? Mimi sijachomoa kitu." Nikamwomba anisomee mstari wote hadi mwisho. Ulikuwa unaishia na namba 19. Nikapanda teksi Kasese nikiwa nimeshaujua nusu ya ugonjwa.

(VPN si ngeni huku kwetu. Serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, Julai 2018, hata wauza samaki walijifunza herufi hizo tatu ili waikwepe kodi hiyo.)

Kifaa chenyewe hakishikiki. Ni /dev/net/tun, kadi ya mtandao ya kubuni: VPN inaandika data humo, na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inazipokea kana kwamba zimeingia kwa waya. Kazi hiyo inafanywa na moduli iitwayo tun. Kwenye Debian, iliyokuwa ndani ya kompyuta ile, tun haikujengwa ndani ya kerneli. Inakaa kwenye diski, chini ya /lib/modules, mpaka iitwe.

Nani anaiita? Modemu ya USB hujitangaza yenyewe. Ukiichomeka tu inataja namba ya mtengenezaji, kwa Huawei ni 12d1, na draiva yake inatafutwa na kupakiwa. Tun haina cha kuchomeka. Moduli ikisubiri mtu afungue kifaa, na kifaa kikisubiri moduli ipakiwe, hakuna kitakachoanza.

Linux imelitatua hilo kwa kuweka mlango kabla ya mwenyewe kufika. Katika folda ya moduli kuna faili la modules.devname, na ndani yake mstari mmoja unasema: tun, net/tun, c10:200. Kompyuta inapowaka, mfumo unausoma na kutengeneza /dev/net/tun ikiwa tupu, yenye namba 10 na 200 tu. Fikiria kibanda cha soko kilichofungwa, chenye namba mlangoni. VPN inabisha. Kerneli inaona namba 200 haina mtu, inamtuma modprobe, programu inayopakia moduli, akamtafute "char-major-10-200". Modprobe anafungua daftari lake, modules.alias, anakuta jina hilo ni la tun, anaipakia, kisha kerneli inajaribu tena kufungua mlango. VPN yenyewe haijui kama mtu aliitwa kutoka nyumbani.

Ndiyo maana namba ya kosa ina maana kubwa. Ingekuwa 2, hakuna faili, mlango wenyewe ungekuwa haupo. Namba 19 inasema mlango upo, umebishwa, na hakuna aliyekuja.

Nilipofika nikaandika modprobe tun kwa mkono. Ikapakiwa bila neno, na VPN ikafunguka. Wakala akaanza kutafuta pesa za kunilipa. Mimi sikufurahi: kwa mkono inakubali, yenyewe inakataa, basi kuna aliyeizuia.

Katika /etc/modprobe.d nikakuta faili refu lenye majina ya moduli kadhaa, na katikati yake: blacklist tun. Fundi aliyenitangulia alikuwa amelinakili wiki kadhaa nyuma ili kuimarisha ulinzi. Neno blacklist halifungi moduli kabisa. Linamwambia modprobe asitumie majina ya daftarini yanayoelekeza kwenye tun, likiwemo lile la namba 10 na 200. Ukiitaja tun kwa jina lake, inakuja. Anayetaka kuifunga kwelikweli huandika install tun /bin/false, na hapo hata modprobe ya mkono inagonga mwamba. Na kwa nini jana ilifanya kazi? Faili lilipowekwa, tun ilikuwa imeshapakiwa, na moduli haiondoki kwa sababu VPN imefungwa. Umeme ulipokatika usiku na kompyuta ikazimika, ndipo katazo lile lilipoanza kuuma.

Simlaumu sana mwenzangu. Mlango unaofunguka kwa kubishwa una hatari yake. Mwaka 2017 Andrey Konovalov aligundua kosa katika moduli ya DCCP lililokuwa limelala tangu 2005. Mtumiaji wa kawaida aliweza kuifanya kerneli ipakie itifaki hiyo, ambayo karibu hakuna anayeitumia, kisha akapitia humo hadi kushika mamlaka ya msimamizi. DCCP ifungwe, tena kwa install. Lakini orodha ya kufunga iandikwe baada ya kuuliza ofisi inatumia nini, na ofisi hii inaishi kwa VPN.

Ningeweza kuandika tun ndani ya /etc/modules-load.d, ipakiwe kila kompyuta inapowaka. Sikuona haja ya kuweka amri juu ya amri. Niliweka alama ya # mbele ya mstari ule, nikamwambia wakala tuzime. "Na malori?" Dakika mbili, mama. Ilipowaka nikaandika lsmod | grep tun, kuona kama tun imepakiwa: kimya, hakuna kitu. Nikampisha kwenye kiti afungue VPN mwenyewe. Nikarudia amri ileile, na jina la tun likawa limekaa kwenye kioo.