Kidonge cha Mbwa, Kinga ya Mtoto

Mbwa ni mlinzi wa boma. Huzuia fisi asiingie zizini, huwaamsha wenyeji mgeni ajapo usiku, na mchana hufuatana na wachungaji malishoni. Tena katika nyumba nyingi hulala karibu na watoto. Lakini mbwa huyo huyo mwaminifu aweza kuleta nyumbani adui ambaye hata yeye mwenyewe hana habari naye. Adui huyo ni tegu mdogo sana akaaye ndani ya utumbo wa mbwa, na dawa ya kumwua ni kidonge ambacho mbwa humezeshwa. Wako watu waonao kwamba kumnunulia mbwa dawa ni kupoteza fedha bure. Yafaa waelewe ya kuwa kidonge hicho si kwa faida ya mbwa tu, bali ni kwa faida ya watu wote wa nyumba ile.

Njia ya Tegu

Tegu huyo hazidi urefu wa milimita 7. Maelfu yao waweza kukaa ndani ya mbwa mmoja, naye asikonde wala asiugue. Mayai yao hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa, wala hayaonekani kwa macho. Hushikamana na manyoya, huchanganyika na udongo, na mvua huyachukua mpaka kwenye mabwawa na visima.

Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia alapo majani yaliyochafuliwa na mayai hayo, huanguliwa tumboni mwake. Wadudu wachanga hupenya na kwenda kukaa hasa katika ini na mapafu, na huko kila mmoja huwa mfuko uliojaa maji. Wachinjaji waijua sana mifuko hiyo. Ikiwa ini au pafu la namna hiyo litatupwa, na mbwa akalila bichi, mbegu zilizomo mfukoni hukua kuwa tegu katika utumbo wake. Baada ya wiki sita au saba mbwa huyo huanza kutoa mayai mapya.

Mtu naye aweza kumeza mayai hayo bila kujua. Mtoto humshika mbwa, kisha hushika chakula kabla ya kunawa. Au mboga huliwa bila kuoshwa. Au maji machafu hunywewa bila kuchemshwa. Hapo mifuko hukua mwilini mwa mtu kama ikuavyo mwilini mwa kondoo. Hukua polepole sana, na kwa miaka mingi mtu hasikii maumivu. Aliyeambukizwa utotoni aweza kutambua akiwa mtu mzima, tumbo limekwisha kuvimba. Mfuko ukipasuka ghafula waweza kumwua. Tiba yake si nyepesi: wengine hupasuliwa, wengine hupewa dawa kwa miezi kadha, na wengine hutolewa maji ya mfuko kwa sindano na daktari aliye fundi wa kazi hiyo.

Liko kosa moja lipasalo kusahihishwa. Watu wengine hudhani kwamba ugonjwa huu huwapata walao ini lenye mifuko. Sivyo. Mtu hapati ugonjwa kwa ini lile, bali kwa mayai yatokayo kwa mbwa aliyelila. Kwa hiyo mchinjaji amtupiaye mbwa ini bovu, akidhani ameondoa hatari, kumbe ndiyo kwanza ameianzisha.

Mambo ya Turkana

Katika Kenya ugonjwa huu ulijulikana zaidi Turkana, ambako watu na mifugo na mbwa huishi pamoja karibu sana. Uchunguzi uliofanywa huko katika miaka ya 1970 na 1980 ulionyesha ya kuwa sehemu ya kaskazini-magharibi ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi kuliko zote duniani, kwa kulinganisha na hesabu ya wakazi. Mwaka 1983 shirika la AMREF, lenye makao yake Nairobi, lilianza huko kazi ya kuuzuia. Watu walifundishwa, hesabu ya mbwa wasio na mwenyewe ilipunguzwa, na mbwa waliobaki walipewa vidonge kila baada ya wiki sita. Muda huo haukuchaguliwa ovyo. Mbwa apewaye dawa kila wiki sita, tegu wake hufa kabla hawajapata nafasi ya kukomaa na kutoa mayai mengi.

Jinsi ya Kutoa Dawa

Dawa ya zamani ilikuwa arekolini, itokayo katika popoo, ambazo watu wa pwani huzitafuna pamoja na tambuu. Dawa hiyo ilimharisha mbwa, na tegu wakatoka; lakini mara nyingi wengine walibaki. Katika miaka ya 1970 ilipatikana prazikwanteli, ambayo kwenye pakiti huandikwa Praziquantel. Kipimo kimoja cha dawa hiyo huua karibu tegu wote. Huharibu ngozi yao na kuwafanya wasiweze kujishika utumboni, na aghalabu husagwa humo humo kama chakula. Kwa hiyo mwenye mbwa asipoona minyoo katika kinyesi asidhani kwamba dawa haikufanya kazi.

Kipimo chake ni miligramu 5 kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa. Kidonge chenye miligramu 50 chamtosha mbwa wa kilo 10, na mbwa wa kilo 20 hupewa viwili. Kama hakuna mizani ya mifugo, mtu na apande juu ya mizani ya kawaida akiwa amembeba mbwa, kisha apande peke yake. Tofauti ndiyo uzito wa mbwa. Kidonge chaweza kufichwa ndani ya kipande cha nyama iliyopikwa. Mbwa akikitema, afunguliwe kinywa, kidonge kiwekwe nyuma kabisa ya ulimi, kinywa kifungwe, na koo lipapaswe mpaka ameze.

Mambo Matatu ya Kukumbuka

La kwanza, dawa hii huponya lakini haiweki ulinzi. Mbwa aliyepewa kidonge leo, kesho akila ini bichi lenye mifuko, ataambukizwa tena.

La pili, dawa huua tegu wala haiui mayai. Mbwa na afungwe kwa siku mbili baada ya kupewa dawa, na kinyesi chake kichomwe moto au kifukiwe, kisha mikono inawiwe kwa sabuni.

La tatu, prazikwanteli haiui minyoo ya duara wala safura. Minyoo ya duara hutoka kwa mama mpaka kwa watoto wa mbwa wakiwa bado tumboni, nayo pia yaweza kuwadhuru watoto wa watu. Kwa minyoo hiyo yahitajiwa dawa nyingine, au kidonge chenye dawa zote pamoja. Watoto wa mbwa huanza kupewa dawa ya minyoo ya duara wakiwa na wiki mbili, lakini prazikwanteli haifai kwa walio chini ya wiki nne. Ni vema kuuliza shauri la Daktari wa Mifugo. Dawa ya kondoo au ya ng'ombe asipewe mbwa kwa kukisia, maana yaweza kumwua.

Zaidi ya dawa, njia ya tegu lazima ikatwe pale machinjoni. Maini na mapafu yenye mifuko yachomwe moto, au yafukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mwenye kutaka kuwalisha mbwa nyama za ndani na azichemshe kwanza kwa zaidi ya nusu saa.

Kwamba kazi hii yawezekana imekwisha kuonekana. New Zealand, nchi yenye kondoo wengi sana, ilianzisha baraza la taifa la kupigana na ugonjwa huu mwaka 1959. Wenye mbwa walilazimishwa kuwapa dawa na kukatazwa kuwalisha nyama bichi za ndani, na mwaka 2002 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesalimika. Haikushinda kwa dawa peke yake, bali kwa sababu kila mwenye mbwa alishiriki. Mbwa hajui mpaka wa boma. Mmoja asiyetibiwa aweza kuchafua kisima kinywewacho na kijiji kizima. Basi majirani na wapatane siku moja, mbwa wote wapewe dawa pamoja, na siku ya kurudia ihesabiwe tangu hapo. Mbwa amlindaye mtoto usiku naye apaswa kulindwa, ili asiwe yeye mwenyewe mlango wa kumwingiza adui.