Mbegu za pome ndani ya frigo

Wandugu, mbegu ya pome inaomba baridi kwanza. Mimi niliosha 10, nikazifunga ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, nikaziacha kwenye frigo miezi 3. Zikaota 7.

Kisha unga mweupe ukafunika majani, yakajikunja. Nikafikiri ni kiu, nikamwaga maji kila siku (na diploma yangu ya kilimo!): miche 3 ikaoza mizizi. Kumbe ilikuwa ukungu. Nikakata majani yenye ugonjwa, nikayachoma, nikaachanisha miche ili hewa ipite. Ile 4 imepona.

Sasa mama mdogo anataka tuiuze sokoni, eti "pome tamu". Nimekataa. Mti wa mbegu hauzai pome sawa na ile uliyokula, tena unaweza kukawia miaka 8 mbele ya kuzaa. Tutapandikiza kwanza kitawi cha mti unaojulikana, ndipo tuuze.