Ndugu wa tumbo moja, vimo mbalimbali

Msomaji wetu wa Nansio ameuliza: yeye na mkewe wana kimo cha wastani, lakini kifungua mimba wao huinama kupita mlangoni, na anayemfuata hamfiki begani. Baba mmoja, mama mmoja. Imekuwaje?

Kisiwani kwake, Ukerewe, watu wanaujua vizuri urithi wa aina nyingine: ule wa ualbino. Ualbino hutokana na jeni moja iliyobadilika: mtoto akipata nakala yake kwa baba na nyingine kwa mama, huzaliwa na ualbino, akipata moja tu, hauonekani. Kimo hakina jeni mtawala namna hiyo. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza vinasaba vya watu takriban milioni 5.4 walitaja tofauti 12,111 zinazogusa urefu. Zimejazana karibu na jeni za ukuaji wa mifupa, na nyingi huongeza au kupunguza milimita moja tu, au chini yake.

Chukua ndoo ya dagaa, kila dagaa akiwa moja ya tofauti hizo. Kila mzazi ana yake, wakubwa na wadogo wamechanganyika. Mimba inapotungwa, baba huchota nusu ya ndoo yake bila kuchagua, mama naye vivyo hivyo. Kwa mtoto anayefuata ndoo zinarudi zilivyokuwa na kuchotwa upya. Mara nyingi wakubwa na wadogo hukaribia kulingana, ndiyo maana wengi wetu ni wa kati. Ila siku moja mkono hukusanya wakubwa kwa baba, ukakusanya tena kwa mama. Hakuna dagaa wa ajabu hata mmoja humo, lakini mizani imeshuka! Kifungua mimba alichotewa hivyo; mdogo wake kinyume chake. Mwanatakwimu R. A. Fisher alilithibitisha wazo hili la michango mingi midogo kwa hesabu mwaka 1918, kabla vinasaba havijasomwa popote, na bado linanistaajabisha.

Lishe na maradhi ya utotoni vina nguvu pia: mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa.

Takriban robo tatu ya wale milioni 5.4 wana asili ya Ulaya, na hesabu yao hubashiri vibaya zaidi kimo cha Waafrika. Ndiyo maana nauthamini utafiti wa vinasaba uliofanywa ng'ambo ya ziwa letu, Kyamulibwa nchini Uganda. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalihusu zaidi ya watu 6,000, kimo kikiwa miongoni mwa vipimo, na yalionyesha tofauti nyingi za vinasaba zisizopatikana Ulaya.