Mawe ya Nairobi na Umri wa Mifupa ya Kale

Mtu apitaye Kilimani, Kileleshwa au Lavington huona kuta nyingi za mawe ya kijivu. Wengi wetu twayajua mawe hayo kwa bei yake tu. Lakini wataalamu wa miamba hutuambia kwamba mengi ya mawe yachongwayo kwa kujengea mjini Nairobi yalikuwa majivu hapo kale. Yalirushwa hewani na volkeno, yaani milima itoayo moto, kisha yakaanguka, yakashikamana na kuwa mwamba.

Volkeno hizo ziliwaka katika zama ambapo ardhi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ikipasuka na kufanya Bonde la Ufa. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkeno kubwa iliyowaka yapata miaka milioni 6 iliyopita. Upande wake wa magharibi ulididimia bondeni. Hata udongo mwekundu wa Dagoretti na Karen, ambao wakulima wausifu, watokana na miamba ya volkeno iliyooza polepole kwa mvua na jua.

Huenda msomaji akauliza, Ni nani aliyekuwapo akaihesabu miaka hiyo? Jibu limo ndani ya mawe yenyewe. Katika chembe za mawe hayo mna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika. Mawe yalipokuwa yangali yakiyeyuka kwa moto, gesi hiyo ilitoroka. Yalipopoa, ilifungwa ndani, ikazidi kujikusanya. Ni kama mtungi uliowekwa chini ya tone la maji: ajuaye mwendo wa tone, akiyapima maji, atajua mtungi umekaa hapo kwa muda gani.

Basi mfupa uliolala kati ya matabaka mawili ya majivu umri wake waweza kujulikana: ni mchanga kuliko tabaka la chini, na ni mkongwe kuliko la juu. Huko Olorgesailie, kando ya njia iendayo Magadi, mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala katika matabaka ya namna hiyo. Na mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Bwana Kamoya Kimeu, Mkenya, alikiona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe. Wenzake walipochimba, walipata karibu mifupa yote ya kijana wa jamii ya watu waliotutangulia, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo yahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Jambo hili latuhusu sisi sote. Mkulima alimaye shambani, au mchimba mawe, aweza kuona mfupa uliogeuka jiwe. Akiung'oa na kuupeleka nyumbani, atakuwa ameitenga barua na tarehe yake, wala hakuna mtaalamu awezaye kuirudisha kwa yakini. Yafaa auache pale pale, aweke alama, na kuwaarifu watu wa Makumbusho upesi, kama sheria ya mwaka 2006 iagizavyo. Bwana Kamoya alikitambua kipande kilichokuwa kidogo sana. Nasi tujizoeze kutazama chini kwa makini kabla ya kuinua jembe.