Mtoto wa Mutomo Mbele ya Theluji ya Hakuba

Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi Mwendwa, mkuu wa misafara ya biashara aliyejulikana kutoka Ukambani hadi pwani. Siku hiyo mawingu yalipasuka, akauona Mlima Kenya na vilele vyake vyenye weupe. Habari ilipofika London, wapo wataalamu waliobisha kwamba theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta. Kivoi hakuhitaji kushawishiwa. Ndiye aliyemsimulia Krapf kuhusu Kiima Kyeu, mlima mweupe, jina ambalo Wakamba waliuita Kilimanjaro.

Kwa hiyo theluji si habari ngeni Ukambani. Tuliipa jina kabla ya wasomi wa Ulaya kukubali kwamba ipo. Kilichobaki ni kuikanyaga, na siku hizi wapo Wakamba wanaoikanyaga kila mwaka. Wakimbiaji wetu wengi huajiriwa na timu za kampuni za Japani, na Alexander Mutiso Munyao, mshindi wa London Marathon ya 2024, ni mmoja wa waliopitia huko. Mtu akiwa na ndugu anayeishi Japani, siku moja ataalikwa: njooni na watoto Desemba shule zikifungwa, muione theluji. Safari ni ghali, tena inahitaji viza, na sitamdanganya mtu kwamba kila familia ya Mutomo, huku kwetu Kitui, itaimudu. Lakini anayealikwa anastahili kujua anakwenda wapi.

Tuseme anakwenda Hakuba, katika mkoa wa Nagano. Upepo mkavu na wa baridi hutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani na kubeba unyevu, kisha hugonga milima na kuumwaga wote kama theluji. Sisi tunaosubiri mvua ya Novemba kwa macho ya kuomba tunaweza kuelewa watu wanaopangia maisha yao kitu kinachoanguka kutoka juu. Kule huanguka hadi mtu akaamka kuparua paa lake kwa sepetu lisije likaelemewa.

Hakuba ina historia yetu pia. Februari 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Philip Boit wa Eldoret alisimama hapo kwenye mstari wa kuanzia mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyeleta shaba ya mbio hizo kutoka Munich 1972. Hakuwa ameiona theluji hadi alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza. Siku ya mashindano hali ya hewa ilikuwa mbaya, theluji ikalowa na kung'ang'ania skii zake. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 baadaye. Dæhlie alikuwa bado amesimama pale mwisho wa njia, na sherehe ya washindi ikangoja, hadi Mkenya alipofika akakumbatiwa. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Namtaja Boit kwa sababu mzazi anayefikiria safari hii huogopa kuanguka. Kuanguka si kitu. Vifaa na mavazi mazito hukodishwa, walimu wa watoto wapo, na mtoto akianguka mara kumi asubuhi, jioni atakuwa ameshazoea. Sheria kubwa ya mlimani ni moja: aliye nyuma, anayeteremka kutoka juu, ndiye anayepaswa kumkwepa aliye mbele yake, maana wa mbele hamwoni. Kamba ikifungwa, usiivuke, kwa kuwa nyuma yake theluji inaweza kuporomoka. Lakini kazi yenyewe ya kujifunza iko ndani ya nyumba.

Ukiingia kwenye nyumba ya wageni ya kienyeji, mlangoni kuna sakafu ya chini kidogo. Viatu hubaki hapo, na mguu unaopanda haugusi tena ile sakafu. Unapewa slipa. Ukifika chumba cha tatami, ile mikeka minene ya nyasi, slipa nazo zinavuliwa. Chooni kuna nyingine za humo tu, na kosa la wageni wengi ni kutoka nazo hadi ukumbini. Utapewa pia yukata, vazi jepesi kama kanzu lililo wazi mbele. Upande wa kushoto hufunika wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti, hivyo mama, watazame watoto kabla hawajatoka chumbani.

Kisha kuna onsen, bwawa la chemchemi ya maji moto, wanaume kwao na wanawake kwao. Hapa ndipo familia nyingi za kwetu zitasita, kwa sababu watu huingia bila nguo yoyote. Aibu hiyo naiheshimu, na asiyetaka asilazimishwe. Baadhi ya nyumba hukodisha bwawa la faragha kwa familia moja. Lakini utaratibu wenyewe mtu wa Mutomo anaujua tangu utotoni. Kabla ya kuingia, unakaa kwenye kigoda kando, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi povu lote liishe. Nywele ndefu hufungwa. Taulo dogo haliguswi na maji ya bwawa. Anayeingia mchafu amewachafulia wote watakaofuata.

Mto wetu wa Tiva ukikauka, tunachimba kisima mchangani. Maji hujikusanya polepole, yanachotwa kwa kata, mtungi mmoja baada ya mwingine, na punda husubiri pembeni. Hakuna mtoto wa kwetu anayethubutu kutia mguu ndani ya kisima hicho, wala kufulia ukingoni mwake. Nguo huoshwa mbali, upande wa chini. Mzee yeyote akimkuta mtoto anachezea maji yale atamkemea, awe wake au wa jirani. Mwambie mtoto kwamba onsen ni kisima cha mchangani chenye maji moto, na hutahitaji kumweleza zaidi.

Mezani vilevile. Kabla ya kula husemwa itadakimasu, yaani napokea kwa unyenyekevu. Vijiti vya kulia havisimamishwi wima ndani ya wali, kwa kuwa hivyo ndivyo chakula cha marehemu kinavyowekwa. Wali haubakizwi ovyo. Wajapani wana neno mottainai, uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotea bure, na Profesa Wangari Maathai alipolisikia huko mwaka 2005 alilipenda akalitangaza duniani. Nyanya aliyetwanga muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa mkono na kuona sahani ikirudi na mabaki anaujua uchungu huo.

Ndani ya treni na basi watu hukaa kimya na simu haipigwi. Bahashishi haitolewi, na mhudumu anaweza kukukimbilia akurudishie chenji yako. Takataka unarudi nazo ulikolala.

Watoto watakosea, na hakuna atakayewafokea. Wakikosea waseme sumimasen, samahani, huku wameinamisha kichwa kidogo. Hiyo ndiyo nthoni yetu, ile haya ya heshima tunayoonyesha mbele ya wakwe. Wajapani nao wamekuwa wageni wetu: tangu miaka ya 1980 wataalamu wao wamefanya kazi Kitui na watafiti wetu wa misitu, kupanda miti inayostahimili ukame, na mukau, ambao wenyeji waliutegemea kwa mbao tangu zamani, ukawa mmoja wa miti waliyoishughulikia zaidi. Ilibidi nao wajifunze kwanza kwa wenye nchi.

Ukifika Hakuba na familia, tenga nusu siku uende Snow Harp. Ndipo mbio zile za 1998 zilipofanyika. Waonyeshe watoto njia aliyopita Boit, uwaambie ni Mkenya aliyefika wa mwisho na bingwa akamngoja.